Mama Feza alirudi misa

Kijiji cha Ntoto, Jumapili, 1954

Hasira bado iko ndani yangu. Tangu mavuno ya maharage nilikuwa naenda kumubembeleza Mama Feza arudi misa. Aliacha siku padri alikataa kuzika mutoto wake ku makaburi ya misioni, eti alikufa bila ubatizo.

Leo amekuja, amejifunga kikwembe kipya kiunoni. Papa Lukas, mukubwa wa wakristo, akamusimamisha mbele ya wote: "Omba musamaha kwanza."

"Musamaha ya nini, Papa? Ya kulia mutoto wangu?"

Akatoka. Padri akaendelea na misa. Mimi, katekista, nikamufuata mpaka nyuma ya migomba, kwenye kaburi ya mutoto. Tukasali wawili.

Wanaweza kuninyanganya kazi. Naogopa. Lakini nimechoka kuita watu, halafu tunawafukuza mulangoni.