Kibanda Chenye Paa la Kuvuja

Baba Neema wangu,

Juzi nilikijenga kile kibanda cha Bibi Hana bila wewe. Mikono bado inaniuma, na moyo ndio usiseme.

Mwaka ule ulipoanza ulinzi getini kwake, aliposikia wewe ni seremala alikuomba umjengee kibanda uani, cha kulia chakula siku saba za Sikukuu ya Vibanda ya Wayahudi wenzake. Sisi tuliijua kwenye Biblia tu. Kuta, alisema, ziwe za chochote. Hapo alimchokoza fundi! Uliokota milango ya magari mabovu kule Jeppestown, ukaleta bango la mbio za farasi kutoka uwanja wa Turffontein, na mapazia yangu mapya ukayatundika bila kuniuliza. Nilinuna siku mbili. Wajukuu wa bibi hawakula, walishinda wakipandisha na kushusha vioo vya milango ile.

Paa ndilo lililokushinda. Alitaka matete matupu, yapangwe hivi kwamba nyota zionekane.

"Mama Neema, hawa watu wako na nyumba kubwa. Juu ya nini wanatafuta mvua iwapige?"

Ukatandika nailoni juu ya matete, kimya kimya. Bibi alipoiona akakuambia kwa upole kwamba hicho si kibanda cha sikukuu tena. Ukapanda kuitoa, nikakuona unalia juu ya ngazi. Yeye angejuaje habari za kambi ya wakimbizi, za turubai lililotoboka juu ya binti yetu, na kifua kilichomuua?

Baridi ya mwezi wa sita ikakuchukua na wewe. Kwa hiyo safari hii matete nimeyapanga mimi.

Jana mvua ya mawe iliwakuta kina Bibi Hana mezani. Supu ikajaa maji. Wakacheka, wakabeba sahani, wakakimbilia ndani, maana desturi yao inaruhusu. Nilisimama uani nikalowa. Niliwaonea wivu, sikufichi. Sisi tungekimbilia wapi?

Siku tuliyomzika Neema nilikuambia, "Wanaume wengine wameziba mapaa yao." Hukunijibu mpaka unakufa. Ila kila chumba tulichopanga, hata hiki cha Malvern, ulianza kwa kupanda kukagua dari.

Halikuwa kosa lako, mume wangu. Turubai zote zilivuja. Wale wanaume wengine nao walizika watoto wiki ileile, na nililijua hilo wakati nakuambia.

Pumzika, unisamehe.

Mkeo,
Mama Neema