Mwanachama Mmoja Alileta Chombo

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Barua imefika! Mashine yetu ya kukwangua mkonge imekubaliwa kwenye maonyesho ya wavumbuzi Nairobi, mwezi ujao, na itaandikishwa rasmi. Nimewasomea wanachama pale bandani, Sagalla ya chini. Vigelegele. Nikafika mstari wa tatu: "Mvumbuzi: Bw. Donald Maundu, Mwenyekiti." Makofi. Maundu akainuka akapunga mkono kama mheshimiwa.

Koki naye alipiga makofi. Halafu akaacha.

Fomu niliijaza mimi. Nafasi ya jina ilikuwa moja, na kwenye kila fomu ya kikundi — ya chifu, ya maji, ya mbegu — hapo huandikwa mwenyekiti. Mkono ulijiendea wenyewe. Wallahi sikufikiri.

Mashine ni ya Koki. Kila mtu anajua. Gurudumu ni la baiskeli ya marehemu mumewe, mabamba ni ya springi ya lori aliyoiokota kando ya reli. Unakanyaga pedali, jani linaingia bichi, linatoka nyuzi. Kabla ya hapo wanawake walikwangua kwa kisu mpaka viganja vikachubuka.

Jumatano, 10 Septemba 2025

Amekuja msichana wa chuo kikuu, Cynthia. Anasomea jinsi vikundi vinavyoendeshwa, na anataka kuandika historia ya mashine yetu. Akaomba kuona miniti za mikutano yetu. Nilimpa kwa fahari, na ni lazima nikiri hilo! Miaka kumi na moja nikiwa katibu, hakuna ukurasa uliofutwafutwa.

Akasoma Machi 2022: "Mwanachama mmoja alileta chombo cha kukwangulia mkonge. Wanachama walifurahi."

Akauliza, mwanachama gani?

Nikamweleza sheria yangu. Mwaka wa kwanza niliandika nani kasema nini, na wawili wakakosana hadi wakakataa kuzikana. Tangu hapo: "mwanachama mmoja", "ilipendekezwa", "ilionekana". Amani imekaa. Cynthia akacharaza kwenye kompyuta yake, akasema hii ni data nzuri sana. Data! Nilitamani kumnyang'anya kitabu.

Akasema historia ya uvumbuzi imejaa wakubwa walioandikwa na mafundi waliosahaulika, na mara nyingi ukitafuta mwizi humpati. Unampata karani tu.

Chai yake ilipoa. Yangu pia.

Ijumaa, 12 Septemba 2025

Msikitini sikusikia hata neno moja la hotuba. Rayhana anasema kama najua ukweli niuseme, ulimi haujakatwa. Mke wangu huona mambo mepesi. Nitasema kesho.

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Nimesema. Nilisimama — kama nilivyosimama mbele ya madarasa miaka thelathini — nikasema mashine ilitengenezwa na Koki na fomu niliikosea mimi.

Maundu hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema kwa upole, "Mwalimu, sisi wote tuliweka mkono. Banda si letu sote? Lakini kama iko mahali umeandika ni Koki, tuonyeshe."

Hakuna mahali.

Everlyne, ambaye alikuwa wa kwanza kukanyaga pedali siku mashine ilipoletwa, alisema anakumbuka tu kwamba watu walikuwa wengi. Hakunitazama. Yeye ndiye anayekwenda Nairobi na Maundu.

Wakapiga kura: mashine ni uvumbuzi wa kikundi chini ya uongozi wa mwenyekiti. Nikaandika. Nani alitoa hoja? "Mwanachama mmoja." Niliandika hivyo hivyo, kwa mwandiko mzuri. Mimi ni mtu bure kabisa.

Jumapili, 14 Septemba 2025

Koki alikuja nyumbani baada ya kanisa, na kitambaa chake cheupe kichwani. Alikataa kuketi kitini. Alikaa kizingitini na Rayhana, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hiyo kitabu haina nafasi kidogo? Hata pembeni?"

Alitaka niongeze jina lake kwenye ukurasa wa Machi 2022. Neno moja tu.

Nikamwambia miniti zikishapitishwa haziguswi. Nilimwambia hivyo! Mdomo wangu huu!

Hakubishana. Alisema karatasi zenye jina lake ni mbili duniani: kitambulisho, na cheti cha kifo cha mzee wake, pale palipoandikwa "mjane". Alitaka ya tatu iwe ya kitu alichofanya. Halafu akamuuliza Rayhana hali ya kuku.

Koki alipoondoka, Rayhana aliniwekea chakula na kutoka. Nimekitoa kitabu, nimefungua ukurasa ule. Pembeni nafasi ipo, ya kutosha majina kumi. Nimekifunga.

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Si kitu. Kichwa kinauma. Nimempigia Cynthia, nikamwambia ninayoyajua yote. Akasema ataiandika kama simulizi ya mdomo, jina langu litafichwa. La Koki je? Nalo litafichwa. Ndiyo taratibu za utafiti, akasema, kumlinda.

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Jumanne, 16 Septemba 2025

Asubuhi simu ya Maundu: njoo bandani na kitabu, haraka. Nikapanda bodaboda.

Mashine imesimama bila gurudumu. Pedali inaning'inia. Koki amelichukua alfajiri, na wala hakulificha. Yuko hapo nje, ameketi juu ya rundo la majani ya mkonge, gurudumu mapajani. Anamwambia kila anayemuuliza, "Baiskeli ni ya bwanangu. Nimechukua yangu." Hajalia. Anawatazama tu.

Maundu ameita kamati nzima. Jioni afisa wa maonyesho ya Nairobi anakuja kukagua mashine. Maundu amezungumza na askari wa kituo, na askari ametaka miniti ya dharura iliyotiwa sahihi, ionyeshe mali gani ya kikundi imeibwa, na nani kaiba. Everlyne amesema basi tuandike "mwanachama mmoja", tusiharibiane. Maundu amekataa. Safari hii majina, Mwalimu, yote matatu, isije ikaleta utata.

Wamekaa kunizunguka. Naandika haya kwenye shajara yangu, kitabu cha miniti nimekiweka chini yake, nao wanadhani ninaandaa miniti. Nimewaambia siwezi kuandika. Maundu amesema basi ataandika Everlyne, na katibu atakuwa Everlyne. Mkono wa Everlyne tayari umenyooshwa. Akiandika yeye, ataandika mwizi tu. Nikiandika mimi, labda naweza kutia pia gurudumu ni la nani, na mashine ni ya nani. Labda. Watanipitishia? Hawatapitisha. Ya Rabi, nifanye nini?

Nimefungua ukurasa mpya wa miniti. Tarehe nimeweka. Jina la ubatizo la Koki silijui — miaka kumi na moja, silijui! Imebidi niulize kwa sauti, kupitia dirishani.

Amesimama. Amelisogeza gurudumu mpaka dirishani, ananitajia polepole, herufi kwa herufi: Rhoda. Koki. Musyimi. Ananiuliza kama nimeliandika vizuri. Anataka alione jina lake.