Kiti cha Dirishani, Kindu hadi Kisangani

Mama,

Juzi nilipanda ndege ya Kisangani, safari ile ile uliyonyimwa wewe. Ni dakika hamsini na tano. Nimezihesabu zote, na si kwa furaha ya kusafiri.

Unamkumbuka yule bwana wa listi, aliyekuwa akipima abiria uwanjani Kindu wakati wa vita. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nimeshika kikapu chako. Alikupandisha kwenye mizani ya mchele, akasoma kwa sauti watu wote wasikie: "Kilo makumi ine na moja." Akacheka. Halafu akafuta jina lako, akapakia friji yake mahali pako. "Mama, weye utangoya ndege ingine." Hiyo nyingine ilikuja baada ya mwezi. Ugonjwa wako wa tumbo haukuweza kungoja, Baba akakukalisha kwenye baiskeli, tukashika njia ya msitu kuifuata hospitali ya Kisangani. Siku ya kumi na tisa tulikuzika Obokote, bila hata sanda nzima.

Yeye yuko hai, Mama. Amenenepa, anatembelea fimbo. Nilimkuta uwanjani, safari hii akipimwa yeye, kilo tisini na nane. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Hizi ndege zetu ndogo viti havina namba, anayewahi ndiye anayekaa. Nikamfuata nyuma, nikamshikia fimbo, nikampa dirisha la kulia, nikakaa pembeni yake. Aliniita mtoto mzuri.

Nilingoja tufunge mikanda, ndipo nikamwambia mimi ni mtoto wa nani.

Akasema hakumbuki. Basi nikamkumbusha, polepole, bila kupandisha sauti. Dakika ya ishirini na tano nilimwambia Punia iko upande wake. Tulifika pale siku ya kumi na moja, ukawa unamwita mama yako aliyekwisha kufa zamani. Dakika ya thelathini na tano, Lubutu, ambako muuguzi alikupa maji ya chumvi kwa sababu hakuwa na kitu kingine. Ya arobaini, Obokote. Nikamwambia atazame chini. Alifumba macho, na mimi nikaendelea kusema sikioni mwake: baiskeli, mguu wako uliovimba, Baba akichimba kwa panga. Angeenda wapi, na mkanda tumboni?

Tuliposhuka alisema neno moja tu. "Ile frigo haikuwaka hata siku moya."

Kwa hiyo anakumbuka.

Nakuandikia hapa Kisangani, kibarazani kwa binamu. Binamu anasema nimwache yule bwana, ni mzee, amekuja kutibiwa mguu. Simwachi. Wewe ulikuwa mgonjwa pia, na hakuna aliyekuonea huruma. Baba sijamwambia, angenikataza.

Pale uwanjani yule bwana aliniuliza nitarudi lini. Nikamjibu sijui bado. Yeye anarudi Ijumaa, na siku hiyo ndege ni moja. Mimi nilikuwa na tiketi ya Jumanne. Leo asubuhi nimeibadilisha.

Lala salama, Mama yangu. Nakuahidi, Ijumaa nitawahi. Nitamwekea dirisha la kushoto, maana wakati wa kurudi Obokote iko upande huo. Na asipotaka kukaa na mimi, njia ya miguu bado ipo.

Mwanao,
Zaina