Posho ya Watu wa Kipande

Kolwezi

Tata mpendwa,

Natumaini karatasi hii inakukuta umekaa, maana najua mdogo wangu Mado akianza kukusomea utataka kusimama katikati na kubishana nami kana kwamba niko hapo uani. Kaa tu, Tata. Mguu wako unaendeleaje tangu mvua zianze? Na Mama, kile kikohozi kimemwachia usingizi sasa? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini ni kwa kukimbizana na watu, si kwa ugonjwa. Ningepiga simu, ila huko Kabalo simu inakatika kabla sijamaliza kusalimia nusu ya ukoo, na jambo nililo nalo ni refu. Mado, soma polepole, na usiruke mahali ninapokutania.

Tata, kila tukiongea unaniuliza neno moja: "Umeshapata kazi?" Nami kila mara nageuza mazungumzo, nauliza habari za mihogo. Leo nakujibu.

Nilipofika huku nilizunguka na vyeti vyangu kwenye milango ya makampuni mpaka walinzi wakawa wananisalimia kwa jina. Kazi haikutoka. Basi nikarudia kile nilichofundishwa na masista, kushona. Nimekodi chumba kando ya barabara ya kwenda Musonoi, nina cherehani mbili na pasi ya makaa, maana umeme wa bwawa la Nzilo unapita juu ya vichwa vyetu ukielekea migodini, na sisi tunauona mara mojamoja. Nashona sare za shule, kanzu za kwaya, na zile fulana za rangi kali wanazovaa madereva wa malori. Oda ikiwa ndogo naimaliza mwenyewe. Ikiwa kubwa nawaita mafundi wenye cherehani zao. Kila mmoja analipwa kwa nguo alizoshona, oda ikiisha anarudi kwake. Tunawaita watu wa kipande.

Wewe uliongoza watu kwenye reli miaka yote ile, lakini watu wako walikuwa wa reli. Ulipowafokea walinyamaza. Mtu wa kipande hafokewi, anabembelezwa. Ana wateja wake wengine, na mteja wake wa jirani ndiye anayempikia chai. Nikipiga simu kuuliza mbona hajafika, ananijibu, "Mama, niko mu njia," na huku nasikia cherehani yake inapiga kelele ndani ya simu. Nina Mama Odia, ambaye hushona kola nzuri kuliko zote mjini na huongea bila kuvuta pumzi. Nina Tata Kapenda, mcha Mungu sana, ambaye hawezi kutia uzi sindanoni bila kuomba, na maombi yake si mafupi. Wa tatu ni Shadrak, na barua hii ni ya Shadrak.

Shadrak ni kijana mwenye mke na mtoto. Alijifunza kushona kwa mjomba wake, halafu rafiki zake wakamvuta kwenye kuchimba kobalti. Alichimba Kasulo, kule ambako watu walitoboa sakafu za vyumba vyao wenyewe, baadaye akahamia mashimo mengine. Nilipopata oda ya sare kabla ya shule kufunguliwa, Mama Odia akanielekeza kwake. Nikapanda pikipiki hadi Musonoi. Nilimkuta anafunga taa yake kichwani, yuko tayari kwenda. Mke wake, Mama Plamedi, alikuwa amekaa mlangoni mbele ya karai la mafuta, anakaanga mikate ya kuuza, na macho yake yalikuwa mekundu, si kwa moshi. Mvua ilikuwa imenyesha. Wiki ileile shimo moja lilikuwa limeanguka.

Tata, roho iliniuma. Sikungoja hata kuulizwa. Nilimwambia yule mama, mbele ya majirani zake:

"Mama, wacha kulia. Bwana yako iko na kazi kwangu."

Nilisema kazi. Sikusema kipande. Wewe hapo ulipo nadhani umeshashika kichwa. Kwetu pia tulikuwa hivyohivyo. Mjomba aliyevua samaki hakuwa na kazi, Mama aliyelima toka alfajiri hakuwa na kazi. Kazi ulikuwa nayo wewe peke yako, na tuliijua kwa gunia la posho uliloleta begani mwisho wa mwezi, na kwa daktari wa reli, na kwa jeneza la Babu lililotoka karakana ya reli. Na Mama Plamedi ni mtoto wa kambi ya wafanyakazi, baba yake alikula posho ya mgodi mpaka mgodi ulipochoka. Neno hilo lilimwingia sikioni na mizigo yake yote, nami sikuwa na hata mmoja wa kumpa.

Shadrak alishona vizuri. Alikuwa na haya, anafanya kazi kimya, suruali zake zimenyooka mpaka mwalimu mkuu akazisifia. Sare zikaisha, nikalipa kila mtu vipande vyake, tukaagana kwa furaha. Halafu oda zikakauka. Wiki zikapita, nimekaa mlangoni nashona vifungo vya watu.

Mwisho wa mwezi akaja Mama Plamedi. Alikuwa amevaa libaya, blauzi ya kitenge, iliyopigwa pasi, kilemba kipya, na kwapani amebeba gunia tupu lililokunjwa. Majirani wawili walikuwa nyuma yake, wamekuja kusindikiza.

"Jambo, mama patronne. Nakuya kukamata posho," akasema, akiniita bosi mbele ya wote.

"Posho ya nani, mama?"

"Ya bwana yangu. Si ulisema iko na kazi?"

 Nikaanza kueleza kwamba hapa ni kipande, kwamba oda imeisha, kwamba Shadrak alishalipwa. Kila nilivyoeleza, majirani walizidi kutazama chini.  Yeye alilikunja lile gunia upya, akalipapasa, akalikunja tena, kisha akasema asante na kuondoka. Nilitamani angenitukana.

Siku iliyofuata Mama Odia aliingia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema maneno machache.

"Shadrak amerudia mu shimo. Haya ya bibi yake mbele ya batu, ameshindwa kuibeba."

Nilifunga mlango nikaenda kwao Musonoi. Mama Plamedi alikuwa peke yake mlangoni. Karai halikuwepo. Nikauliza liko wapi.

"Nilipatia mudogo yangu," alisema. "Bibi ya mutu wa kazi atauzisha mikate kwa nini? Mama, ungenambia tu kipande, ningechunga karai yangu."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayemweleza mgeni njia. Tata, nililia pale, nikakaa chini kwenye kizingiti chake, tukangoja pamoja. Mvua ilianza, ikanyesha kwa nguvu. Kila pikipiki iliyokata kona tulinyanyuka. Nilikuwa nafikiri kwamba kama huyu kijana amefunikwa na udongo, ni ulimi wangu uliomsukuma.

Shadrak alikuja kwa miguu, jioni, amejaa tope hadi nyusi. Aliponiona hakushangaa.

"Mama, shimo haidanganyake mutu. Unashuka, unajua hakuna posho."

"Mi pia nimekuya kukwambia ukweli," nikamjibu. "Kazi sina. Niko na kipande tu, tena hapana kila mwezi. Lakini rudia ku mashini."

Akacheka kidogo, akaniuliza, mwezi wa bila oda mtoto wake ale mashini?  Nikarudi nyumbani bila yeye.

Nikawaita mafundi, nikawaeleza yote, hata lile neno. Nilitegemea kuchekwa. Mama Odia ndiye aliyefungua kinywa kwanza.

"Sasa, posho, njo nini? Ni bunga. Batu tunashona komande, oda yako, tunagawanya feza, kila mutu anaenda. Mbele ya kugawanya, kwanza tununue bunga. Tuweke mu nyumba ya mama patronne. Mwezi komande iko, tunakula. Mwezi haiko, tunakula."

Tata Kapenda alikataa. "Mi niko na batoto mingi. Ule mwenye hakushona mwezi muzima atakula jasho yangu?"

"Na mwezi ulilala na malaria, ulikula jasho ya nani?" akauliza Mama Odia. "Bibi yako alikuya kuomba kwangu, tata. Sikukupatisha haya, leo umenilazimisha."

Mzee aliinamisha kichwa, sijui kama alikuwa anaomba au anahesabu watoto. Mwishowe akasema, "Basi, lakini bunga ya muhindi. Ya mihogo peke inaniumizaka tumbo." Tukacheka wote, na jambo likapita hivyo. Mimi nikasema nitatoa sehemu kubwa kuliko wao, kwa kuwa mlango ni wangu na neno lilikuwa langu.

Tulipopata kanzu za kwaya ya parokia nilienda tena Musonoi. Safari hii sikuongea na Shadrak kwanza, niliongea na mke wake, na nikataja kila kitu kwa jina lake: hii ni kipande, daktari hakuna, jeneza hakuna, unga upo. Alinisikiliza hadi mwisho, akageuka akamwambia mumewe, "Enda." Na Shadrak akaenda. Taa ya kichwani aliniachia mimi. Imetundikwa hapa juu ya cherehani yangu, naitumia umeme ukikatika. Siku hizi simwiti fundi yeyote kabla ya kufika kwake na kuongea na aliyebaki mlangoni. Wengine wananiona mdadisi. Na waseme.

Mama Plamedi alidai karai lake kwa mdogo wake, wakagombana, akalipata. Sasa anakaanga mikate mbele ya chumba changu, na mafundi wangu wanachelewa kuliko zamani kwa sababu ya kula. Sijui kama hayo ni maendeleo.

Jumamosi iliyopita tuligawa unga kwa mara ya kwanza. Mama Plamedi alikuja na lile gunia lake, na yeye ndiye tuliyempa kopo la kupimia, maana hakuna aliyethubutu kubishana naye. Akampimia Mama Odia, akampimia Tata Kapenda, akampimia mumewe sawasawa na wengine, wala hakumzidishia. Mimi nilikuwa pembeni napanga vitambaa. Nikasikia:

"Mama patronne, mufuko yako iko wapi?"

Nikasema mimi sina mfuko, mimi ndiye mwenye nyumba.

"Haushonake?" akauliza.

Sikuwa nimefikiria hilo hata siku moja. Nilivua kitambaa changu cha kichwani nikakitandaza mbele yake, akanipimia, akalisawazisha kopo kwa kiganja kama alivyofanya kwa wenzangu.  Nilisimama tu na kichwa wazi mbele ya watu.

Msalimie Mama, na umwambie nimeacha kulala na nywele zilizolowa. Wasalimie Shangazi Kabedi muuza samaki, mjomba Kasongo fundi wa baiskeli ambaye bado ana pampu yangu, na katekista wetu, kama sauti yake imerudi. Mado, wewe nakusalimia mwisho kwa makusudi: ukiendelea kuchagua wachumba hivyo utazeekea kwenye kusoma barua za watu.

Anayeleta barua hii ni dada wa Tata Kapenda, anapanda treni hadi kwenu. Atakukabidhi pia kifurushi kidogo kilichofungwa kwa kitambaa changu cha buluu, unakikumbuka. Mama atacheka, atasema mtoto huyu ametuma unga Kabalo kana kwamba sisi hatuna kinu. Mwache acheke. Nimekula nusu, nusu ni yenu. Ni posho yangu, Tata, ya kwanza maishani. Wakikuuliza tena pale stesheni kama Ngoie ameshapata kazi, usiwajibu kitu. Mwambie Mama asonge bukari, ugali wa unga huo, uwaite ndani wanawe mikono.

Mimi binti yako anayekukumbuka kila nikisikia honi ya treni,

Ngoie