Karai Kwanza

Shikamoo mama yangu,

Huku Bagamoyo jua kali, pweza mtamu, na filamu yetu inakwenda. Leo tulikuwa soko la samaki, kwenye tukio la mke kuambiwa mumewe amefariki. Mwigizaji akalia weee, mwongozaji wetu hakuridhika. Akamwuliza mjane mmoja anayekaanga samaki pale, "Wewe ulipoambiwa, ulifanyaje?"

"Niliepua karai kwanza, mwanangu."

Basi akarekodi hilo tu: mikono ya mwigizaji ikiepua karai, kisha ikivuta khanga kichwani. Yule dada mwongozaji ana jicho!

Mama, siku ulipoambiwa baba amefariki uliepua sufuria ya wali kwanza, nami nikadhani huna uchungu. Nisamehe. Naibusu mikono yako.

Mwanao, Zuhura