Makofi Nyuma ya Pazia

Gitega, 11 Februari 2024

Shemeji Abubakari,

Amani iwafikie hapo Muyinga, wewe na dada yangu Vumilia. Sisi wazima. Mafua ya Paskazia yamemwachia, na mke wangu akipona hunipangia kazi, kwa hiyo ujue kapona kweli. Asubuhi ukungu unashuka mpaka kizingitini, unakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Goti lako linaendeleaje?

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu za siku hizi hazisemi, zinanong'ona. Nimemrudishia aliyeniuzia, akasema simu nzima. Wafanyabiashara wote husema hivyo.

Dereva Longino atakuletea kikapu. Ndani mna pedali mbili za gitaa, vile vikasha vya kukanyaga kwa mguu, zote za mwangwi. Ile nyekundu unaijua. Ndiyo niliyotoka nayo Kigoma tuliporudi kutoka ukimbizini, na ndiyo niliyopigia kwaya ya parokia miaka yote hii. Ya kijani ni mpya, kainunua Adventina, mwalimu wetu wa kwaya, ambaye anaamini kitu chenye taa nyingi kina akili nyingi.

Zamani nikigusa waya mmoja kupitia ile nyekundu, sauti iliondoka, ikazunguka chini ya dari, ikarudi laini zaidi, ikaondoka tena, ikarudi kama mtu anayezungumza usingizini. Sasa imepoteza ncha. Ule mkwaruzo mdogo wa ukucha kwenye waya, ule unaosema hapa pana mtu, umekwenda. Nasikia mwili wa sauti, sioni uso wake. Ya kijani nayo ni butu vilevile, jambo linalothibitisha nilichosema siku zote, kwamba vitu vya siku hizi huzaliwa vimechoka.

Basi naongeza ukali kwenye amplifaya. Nikiongeza, Adventina analalamika kwamba gitaa linachoma masikio. Mimi nasema ni butu, yeye anasema linachoma. Mmoja wetu ni mwongo, na mimi si mwongo.

Siku ya Pentekoste redio itakuja kurekodi misa. Adventina ameniambia mbele ya kwaya nzima kuwa sauti isipokaa sawa, siku hiyo kutapigwa kinanda na mimi nitakaa na waumini. Zifungue zote mbili, uzilinganishe, uniambie ipi mgonjwa.

Shemeji yako,
Nazario

*

Muyinga, 2 Machi 2024

Shemeji Nazario,

Assalamu alaikum, na amani kwa nyumba yako. Kikapu kilifika, na zile ndizi za Paskazia juu yake. Goti iko inanisumbua mvua ikinyesha tu. Vumilia ameenda Itaba kumuuguza mama yenu mpaka mguu wake upone, donc nimebaki peke yangu na redio za watu.

Bon. Nimezifungua na kuziweka kwenye meza, kando kwa kando.

Ya kijani ni nyumba tupu. Ndani iko chip moja nyeusi, ndogo kama chawa, na waya za kuilisha umeme. Basi. Hiyo chip inaigeuza sauti yako kuwa hesabu, inaitunza, halafu inakurudishia hesabu ile ile. Mara ya kwanza na mara ya kumi hazina tofauti. Ni kama mtu aliyekariri.

Nyekundu ni mtaa mzima. Kapasita za kahawia kama maharage, nyingine ndefu kama mitungi, kila moja na miguu yake miwili. Katikati iko chip ya zamani, na kazi yake naipenda mpaka nilisahau chai. Fikiria watu wamepanga mstari kutoka mtoni hadi juu ya mlima, wanapokezana ndoo. Sauti yako ndiyo maji. Kila mkono unamwaga kidogo, na maji yanafika juu yamechelewa na yamepungua. Huo ndio mwangwi wako. Halafu iko chip nyingine, msimamizi wa mstari, anayepiga makofi ili watu wapokezane kwa pamoja. Makofi yake ni ya haraka sana, yanatoa mlio mwembamba. Ndiyo maana mtengenezaji aliweka kapasita nne za kuchuja, kama pazia, ili tusimsikie msimamizi. Pazia hilo linakula pia ncha kidogo za sauti. Ndiyo bei ya ule ulaini.

Nimepima kila kitu. Shemeji, hakuna mgonjwa hapa. Zote mbili nzima.

Sasa mi nauliza tu, usikasirike. Sokoni mtu akikuita kutoka nyuma, unageuka?

Shemeji yako,
Abubakari

*

Gitega, 9 Machi 2024

Shemeji Abubakari,

Salamu zako zimefika, nasi tunawatakia mfungo mwema unaokaribia. Paskazia anakuuliza nani anakupikia futari Vumilia akiwa Itaba. Mimi nimemjibu kuwa fundi redio hula risasi ya kulehemu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mstari wa watu na ndoo umeniingia mpaka usingizini. Niliota nimesimama kati yao kwenye mlima nisioujua, napokea ndoo kutoka kwa marehemu baba, naikabidhi kwa mtu ambaye uso wake sikuuona, na ndani ya kila ndoo mlikuwa na noti moja ya gitaa ikitetemeka kama mwezi majini. Sikumwaga hata tone. Niliamka mikono imechoka.

Lakini sasa tugombane. Ni ugonjwa wa zama hizi, na nimeuona kwa walimu wenzangu na kwenye magazeti, kwamba kifaa kikikosea analaumiwa mtumiaji. Daraja likivunjika, mpita njia alikanyaga vibaya. Nimepiga gitaa tangu utoto, kambini Kibondo, kwa waya za breki za baiskeli. Masikio haya yalikuwa yakimtambua mtu kwa mlio wa jembe lake. Usinipimie masikio, shemeji, sijakutumia masikio. Nimekutumia pedali.

Ukizirudisha kama zilivyo, nitajua kwamba mafundi wa Muyinga wameishiwa. Jumapili hizi napiga gitaa kavu, bila mwangwi, kama mtu anayehubiri uchi. Na Pentekoste haingoji.

Shemeji yako,
Nazario

*

Muyinga, 4 Aprili 2024

Shemeji,

Amani. Mfungo unaendelea vizuri, jirani Kadidja ananiletea uji. Mwambie Paskazia atulie.

Nimekuelewa. Sibishani tena.

Nyekundu nimeishughulikia. Lile pazia nililokwambia, zile kapasita nne, nimezitoa na kuweka nyingine ndogo zaidi, donc sauti kali zipite. Sasa ncha ziko nje. Niliijaribu kwa gitaa la kuazima, kuanzia Alasiri hadi karibu na Magharibi, tumbo tupu, mlango wazi, vumbi la jua limesimama hewani. Noti ilitoka, ikarudi, ikatoka, na mi sikujua tena kama ni gitaa au ni njaa inaniimbia. Nilisikia ukucha kwenye waya. Nilisikia kila kitu, safi kabisa, hakuna mlio wa pembeni. Watu wa futari walikuja kunitoa.

Ya kijani nairudisha ilivyo. Hiyo hakuna cha kufungua.

Longino anangoja mafuta, akipata ataleta.

Shemeji yako,
Abubakari

*

Gitega, 16 Aprili 2024

Shemeji mpendwa, fundi wa mafundi,

Idi njema iliyopita, na Mungu azipokee funga zako. Hapa sote wazima kuliko wazima.

Uso wa sauti umerudi. Nilipogusa waya wa kwanza nyumbani nilikaa chini. Ilikuwa kama mtu kafuta vumbi kwenye kioo na nyuma yake kuna Kibondo, kuna jioni za moshi, kuna vidole vyangu vya ujana. Kila mwangwi ulirudi na ukucha wake.

Jumapili nimepiga kanisani. Ungeona. Watoto wa benchi la mbele waliziba masikio kwa mshangao. Mbwa wa padri, ambaye hulala mlangoni tangu misa ya kwanza, aliinuka akakimbilia migombani na hakurudi. Adventina alikunja uso mwanzo hadi mwisho. Huo ni wivu wa mtu aliyenunua taa. Nilipiga macho yamefumba, sikuteremka duniani mpaka baraka ya mwisho.

Na wewe uliyetaka kujua kama nageuka nikiitwa sokoni, sasa unasemaje?

Shemeji yako mshindi,
Nazario

*

Gitega, 28 Aprili 2024

Abubakari,

Mama anatembea, tunamshukuru Mungu. Vumilia amepita hapa akitoka Itaba, atakufikia pamoja na barua hii. Hizo ndizo salamu.

Alinikuta nikifanya mazoezi sebuleni. Hakuvua hata kitenge cha safari. Alisimama mlangoni mikono masikioni akasema, "Kaka, zima huyo mbu."

Nikamuuliza mbu gani. Akaja, akaizima pedali kwa mguu wake, akashusha mikono. Akaiwasha, akapandisha mikono. Akafanya hivyo tena, gitaa sijaligusa, na mimi kati ya kuzima na kuwasha sikusikia tofauti yoyote, shemeji. Hakuna. Nikamwita Paskazia. Paskazia akasema mbu yuko tangu siku ya kwanza, mwembamba, mkali, hanyamazi, ila alidhani ndiyo sauti yenyewe niliyoililia miezi yote, akaona haya kuniharibia.

Basi nikakaa na barua zako. Uliniandikia mwenyewe kuwa pazia lipo ili tusimsikie msimamizi akipiga makofi. Kisha ukalitoa pazia. Mtu halitoi pazia kwenye pedali nzima ila kwa sababu moja. Ulijua kuwa kilichopungua si pedali, ukaona badala ya kunibishia uniongezee ukali mpaka nisikie, kama mtu anayempigia kelele babu yake. Ulinifanya babu, kwa kapasita nne. Na kanisa zima lilivumilia mbu ili Nazario afumbe macho.

Adventina alikuja jana. Hakupiga kelele. Alisema kwa upole, na huo upole ndio uliniua, kwamba mpiga kinanda amekwisha kuanza mazoezi, na mimi nikubali niongozwe au nipumzike.

Ningekuwa nimemaliza hapa. Lakini nimezoea kusoma hoja mpaka mwisho, na yako ina tundu. Uliijaribu pedali wewe mwenyewe, kuanzia Alasiri hadi karibu na Magharibi, mlango wazi, ukaandika kwamba hakuna mlio wa pembeni.

Mbu alikuwa anaimba mbele ya pua yako, Abubakari. Mbona hukumsikia?

Nazario

*

Muyinga, 10 Mei 2024

Shemeji Nazario,

Amani. Vumilia amefika salama.

Barua yako niliiweka chini ya redio moja, sikuijibu. Halafu juzi nikawasha ile mashine ya kupimia, ile inayotoa mlio wowote unaotaka. Nikaanza chini, nikapandisha polepole. Vumilia alikuwa anachambua mchele. Mlio ukawa mwembamba, mwembamba, kama uzi unaingia kwenye sindano, halafu ukaisha. Nikajua nimefika mwisho wa mashine. Nikageuka, na Vumilia alikuwa ameziba masikio. Akasema, "Zima, Baba, unaniumiza."

Mi nilikuwa kwenye kimya kabisa. Kimya kizuri, nisikufiche. Kama asubuhi ya mlimani.

Nilipandisha tena nikimwangalia uso. Iko dunia nzima pale juu, shemeji, na mi nimetolewa bila mtu kuniambia. Ni redio ngapi nimewarudishia watu nikisema ziko safi, sijui. Hapa mjini nakuomba usimwambie mtu kwa sasa. Mi ni fundi wa sauti, sina kazi nyingine.

Nilikudhania wewe peke yako. Hilo nisamehe.

Kapasita za zamani nimezifunga kwenye karatasi, ziko humu ndani. Fundi yeyote wa hapo sokoni atazirudisha. Kisha mwachie Adventina pedali aiseti kwa masikio yake, na wewe upige. Vidole vyako havijapungua ncha. Usikae na waumini, tafadhali. Ukikaa wewe, nami nitafunga duka.

Shemeji yako,
Abubakari

*

Gitega, 21 Mei 2024

Shemeji yangu Abubakari,

Tumsifu Mungu wa kwenu na wa kwetu, ambaye naamini ni mmoja na anasikia vizuri kuliko sisi. Paskazia hajambo, Mama hajambo. Goti lako sikuulizi, Vumilia ameniandikia kwamba umelisahau tangu ulipopata ugonjwa wa maana zaidi.

Fundi Venansi wa hapa sokoni alirudisha kapasita. Adventina akaja nyumbani, akapiga magoti mbele ya pedali nyekundu kama mtu anayekamua mbuzi, akazungusha vile vifundo vya kurekebishia sauti taratibu, kichwa upande. Alipomaliza akachora alama kwa rangi ya kucha kwenye kila kifundo, akanikataza kuvigusa. Nilitaka kubisha. Nilikuwa na hoja nzuri sana, yenye sehemu tatu. Nikanyamaza, na Paskazia akatoka jikoni kuja kuangalia kama ninaumwa.

Ya kijani nimeitendea haki pia. Nilimwomba Adventina anilinganishie, kwa kuwa yeye ndiye anayesikia. Akasema ya kijani ni safi, lakini inarudi kama deni, na nyekundu inarudi kama mtu aliyesafiri. Mimi nimeandika kurasa juu ya hizi pedali na sikuwahi kulisema hivyo. Nimeanza kumheshimu, ila usimwambie.

Pentekoste nilipiga. Redio waliweka vinasa sauti vyao, na mpiga kinanda alikaa kando yangu, tukagawana nyimbo. Nilipogusa waya nilisikia nusu, ile nusu ya chini, ya udongo. Nusu ya juu iliondoka nisiione. Nikawa natazama watu. Bibi Kasilda wa benchi la pili alinyanyua kidevu, kidogo kidogo, akawa anafuata kitu juu ya kichwa changu, kikapita kwenye madirisha, kikachelewa, kikarudi, na kidevu chake kikashuka nacho. Nilingoja kidevu kishuke ndipo nikapiga noti nyingine. Nilipiga misa nzima hivyo. Sijawahi kupiga polepole namna ile. Wanasema redioni ilisikika kama mtu anayeota.

Duka usifunge. Mchukue Vumilia akae nawe pale mezani, umwambie nini unatafuta, naye akuambie kipo au hakipo. Ni aibu, najua. Mimi nimeimeza, ina ladha ya dawa ya minyoo, halafu inapita.

Jambo la mwisho. Hapa Gitega kuna hospitali yenye daktari wa masikio. Nimefika mpaka getini mara mbili, nikageuka, nikajipa sababu za kisomi. Peke yangu siendi. Njoo twende pamoja, mapema wiki ijayo, Longino akiwa na mafuta. Na mlete Vumilia. Pale watu hukaa kwenye benchi refu la nje, nesi anachungulia mlangoni na kuita majina kwa sauti ndogo, na usipoitika anaita la mwingine. Lazima tuwe na mtu wa kutuambia zamu yetu imefika.

Shemeji yako,
Nazario