Nyumba ya Kwenye Kona

Baba mdogo, shikamoo.

Mimi mzima, ila vumbi la kiwandani linaniwasha kifua. Nasikia huko mnashangilia kwamba kiwanda chetu cha mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo kinakuja kufungua tawi nyumbani.

Panga moja ni refu kama mtaa wetu, na lori lililolibeba haliwezi kukata kona kali. Mhandisi akanionyesha kwenye ramani njia ya huko nyumbani, akaniuliza, "Wewe mwenyeji, kuna njia nyingine, au tuvunje hii nyumba ya konani?"

Ndiyo hiyo uliyotufukuza humo mimi na mama, kaburi la baba halijakauka. Njia ya nyuma ya shule ipo, unaijua.

Nikamjibu, "Hakuna, bosi. Vunja."

Ukikosa pa kulala, nenda kwa mama. Nimemwambia akujibu kama ulivyotujibu sisi: "Hapa si kwenu."

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.